Namba Hii ni ya Nani?

Kwenye droo ya chini ya meza yangu ya kazi kuna simu ya kitochi ambayo haizimwi. Kila jioni kabla sijafunga duka naichomeka kwenye chaji, na kila asubuhi kabla sijawasha kompyuta naisoma kwanza. Laini iliyomo situmii kupiga wala kutuma salamu. Ni laini yangu kwa jina, lakini meseji zinazoingia humo ni za watu wengine, na namna zilivyokuja kukaa kwenye droo yangu ndiyo habari ninayotaka kuieleza.

Nina steshenari katika kijiji kimoja mkoani Njombe. Ukitoka Makambako kuelekea Songea unafika mahali unaacha lami na kushika barabara ya vumbi, na bodaboda inakufikisha kwetu kwa nusu saa kama mvua haijanyesha. Nilifungua mwaka 2014 nikiwa na kompyuta mpakato moja, printa moja na jenereta ya kuazima. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, ulipofika na watu wakaanza kuunganishiwa kwa shilingi 27,000, nikaongeza mashine ya kutoa kopi. Mwanzoni kazi ilikuwa kuchapa kadi za michango ya harusi, mihtasari ya vikao vya vikundi na mitihani ya shule ya msingi. Kisha kidogo kidogo kazi ikabadilika. Mambo yaliyokuwa yakifanyika kwenye dirisha la ofisi yakahamia mtandaoni: matokeo ya kidato cha nne, maombi ya vyuo, maombi ya mkopo wa elimu ya juu, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, maombi ya ajira serikalini. Mzazi ambaye zamani angepanda basi kwenda Njombe mjini, au angesafiri hadi Dar es Salaam kufuata fomu, sasa anakuja kwangu na mwanawe, anakaa kwenye benchi na kusema, "Dada, tufanyie."

Tufanyie. Nimelisikia neno hilo mara nyingi kuliko jina langu, na kwa miaka mitano nililipenda, maana lilinifanya nijione mtu wa maana.

Kila fomu ya mtandaoni ina sehemu mbili ambazo hazirukiki: barua pepe na namba ya simu. Kijana hana barua pepe, basi namfungulia. Neno la siri natunga mimi, na ili nisisahau natumia lilelile kwa wote. Tukifika kwenye namba ya simu tunaangaliana. Kijana hana laini. Baba ana simu, lakini inakaa siku tatu bila chaji, na akienda shamba la bondeni mtandao haushiki. Basi nikanunua laini kwa ajili hiyo tu, nikaiweka kwenye kitochi, na kila mteja asiye na namba nikamwandikia hiyo. Niliona nimewaondolea usumbufu. Wao pia waliona hivyo, wakashukuru.

Mwaka 2019 alikuja binti wa mzee mmoja wa kitongoji cha juu, karibu na msitu wa misindano. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, amefaulu vizuri masomo ya sayansi, anataka ualimu. Tuliomba vyuo vitatu. Baba yake alilipia ada za maombi kwa fedha za viazi, noti zimekunjwa mara nne na bado zina harufu ya udongo, akanishukuru kana kwamba nafasi nimeshampa mimi. Kwenye sehemu ya namba ya simu nikaandika ile ya kitochi.

Mwezi wa tisa nikapata msiba Songea, shangazi yangu. Nilifunga duka siku tisa. Kitochi kilibaki kwenye droo, na chaji ikakata siku ya pili au ya tatu. Niliporudi nikakichomeka, nikashika ufagio. Meseji zikaanza kuingia, mlio juu ya mlio, hata nikaweka ufagio chini. Ya tano ilikuwa ya binti yule. Alikuwa amechaguliwa na vyuo viwili. Mwombaji aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yake, na asipothibitisha kwa wakati nafasi inakwenda kwa mwingine. Namba ya siri ilikuwa pale mbele yangu. Muda ulikuwa umepita kwa siku mbili.

Nilimwombea tena dirisha la maombi lililofuata. Kozi ile ilikuwa imejaa.

Baba yake alipokuja nikamwambia nafasi imepotea. Sikumwambia imepoteaje. Alinyamaza kidogo, akakunja kofia yake, akasema, "Haya mwanangu, riziki yake ilikuwa bado." Akanipa mkono, akaondoka.

Nililala na maneno hayo wiki tatu. Kile alichokiita riziki kilikuwa chaji ya simu yangu. Mzee alikuwa amemwachia Mungu kosa langu, nami nilinyamaza kwa kuwa kunyamaza kulikuwa rahisi. Wiki ya nne nikapanda hadi kwake. Nilimkuta na mkewe na binti wanapukuchua mahindi uani, nikakaa kwenye gogo, nikaeleza yote, tangu msiba mpaka droo. Mzee hakuonyesha hasira. Binti ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo dada, siku zote zile meseji ilikuwepo?"

Nikasema ilikuwepo.

"Na ningekuwa na laini yangu, ingekuja kwangu?"

Nikasema ingekuja kwako. Akainamisha kichwa akaendelea kupukuchua, punje zikiruka kwenye beseni. Aliingia chuo mwaka uliofuata. Mwaka mmoja wa msichana wa miaka ishirini kijijini si kitu kidogo. Kuna waliomletea posa katika mwaka huo, na wazazi wake walizikataa kwa taabu.

Niliporudi dukani jioni ile nikatoa daftari langu la wateja na kuhesabu. Watu 64 walikuwa na namba yangu kwenye maombi yao, akaunti zao, taarifa zao. Watu 64, na mlango wa kila mmoja wao ufunguo wake ulikuwa kwenye droo moja.

Tukizungumzia teknolojia vijijini huwa tunataja mnara, bando, simu janja. Navyo ni vya kweli. Kabla ya mnara kwetu, mtu alipanda kichuguu nyuma ya kanisa ili apate alama mbili za mtandao, na nakumbuka mama mjamzito akipandishwa pale ashikwe mkono ili aongee na mumewe aliyekuwa Mufindi kwenye mashamba ya chai. Lakini mnara umekuja, bando zinauzwa dukani kama sabuni, na bado mtu anaweza kuwa nje ya mambo yote haya. Tangu siku ile mimi hujiuliza swali moja kwa kila anayekaa kwenye benchi langu: namba inayoandikwa hapa ni ya nani? Maana jibu litakuja kwenye namba hiyo, na mwenye namba ndiye mwenye jibu.

Nikaweka sharti. Asiye na laini yake tutaanza na laini, maombi baadaye. Wengine walikasirika wakaenda steshenari ya kijiji cha pili. Wengi walibaki, na hapo ndipo nilipojua kwamba kumiliki laini kwa jina lako ni safari ndefu kuliko nilivyodhani.

Ulikuwa mwaka wa usajili wa laini kwa alama za vidole. Ulianza Mei 2019, mwisho ukawekwa 31 Desemba, kisha ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Ili usajili laini ulitakiwa uwe na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kwetu watu wengi walikuwa wamejiandikisha lakini hawajui namba yao. Niliwatafutia, mmoja mmoja. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Niliona zimeandikwa kwenye kadi za kliniki, kwenye jalada la Biblia, na kwa bibi mmoja kwa mkaa upande wa ndani wa mlango, kwa sababu mlango haupotei.

Bibi huyo nilimpeleka mwenyewe kwa kijana wa kusajili, ambaye alikuwa ameweka mwavuli wake mbele ya duka langu. Kijana alimwambia aweke dole gumba kwenye kifaa. Hakijasoma. Akaweka kidole cha shahada. Hakijasoma. Tulileta maji ya uvuguvugu na sabuni, akanawa, akajifuta kwa kitenge, tukarudia. Vidole vilivyoshika jembe la mkono tangu utoto vilikuwa vimelika, mistari imefutika, vinang'aa kama mpini. Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Kijana, na ninamheshimu kwa hilo mpaka leo, hakumfukuza. Alijaribu vidole kwa zamu, na cha pete cha mkono wa kushoto kikakubali. Bibi alikiinua akakitazama kwa muda. "Kumbe hiki hakikulima sana," akasema, na akakifunga ndani ya kiganja kama mtu aliyepewa kitu cha kutunza.

Si vijana wote wa mwavuli walikuwa kama yeye. Baadaye tulipojifunza kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa jina lako, mzee mmoja aliyekuwa na laini moja tu maishani mwake alizikuta nne. Alikumbuka kwamba siku ya kusajili aliambiwa, "Mzee haijasoma, weka tena," na akaweka tena, mara tatu zaidi. Aliniuliza, "Sasa hao wanaongea na nani kwa jina langu?" Sikuwa na jibu la kumtuliza. Tulikwenda naye kwa mtoa huduma zikafungwa, na nauli ya kwenda na kurudi alilipa mwenyewe.

Kuna upande mwingine ambao sikuuona mpaka nilipoanza kuuliza swali langu kwa wanawake. Mwanamke akiniambia "tuna simu", nilijifunza kuuliza inakaa mfukoni mwa nani. Mara nyingi laini ya mke inakaa sehemu ya pili ya simu ya mume. Siyo kila mume anafanya hivyo kwa ubaya. Simu ni moja na fedha ni za simu moja. Lakini meseji ya kikundi cha kuweka na kukopa inasomwa na mume kwanza. Fedha aliyotuma kaka inaonekana kwa mume kwanza. Mwanamke anakuja dukani kuomba kazi ya muda kwenye sensa au uchaguzi, anaandika namba, na kama ataitwa au hataitwa itategemea nani ameshika simu saa hiyo.

Mmoja wao, jirani yangu, aliuza kuku watano akanunua kitochi. Alikuja kwangu tukakiwasha pamoja. Hakutaka kujifunza intaneti wala picha. Alitaka kujua vitu viwili: namna ya kusoma salio lake la fedha bila kumpa mtu namba ya siri, na namna ya kuhifadhi jina. Kusoma anajua, aliishia darasa la saba, ila maandishi madogo ya kwenye kioo yalimtisha. Tulikaa mchana mzima. Jina la kwanza alilohifadhi lilikuwa lake mwenyewe, "MIMI", akaweka na namba yake, ili asiisahau.

Msimu wa 2022/23 serikali ilipoanza kutoa ruzuku ya mbolea, nikaona swali langu likienda mpaka shambani. Mkulima alitakiwa kuandikishwa kwa mtendaji wa kijiji, ataje ukubwa wa shamba, zao na namba ya simu. Kisha taarifa zake zilitumika kwa wakala wa mbolea ili auziwe kwa bei ya ruzuku. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, uliokuwa umepita laki moja, ukashuka hadi elfu 70. Kwetu sisi wa mahindi na viazi, huo ni mfuko mmoja kuwa karibu miwili. Jirani yangu wa kitochi aliandika namba yake, ujumbe ukaingia kwake, akanunua, akapanda. Mama wa nyumba ya tatu kutoka kwake alikuwa ameandika namba ya mwanawe aliyeko Kariakoo, kwa sababu mwanawe ndiye "anayejua mambo ya simu". Ujumbe ukaenda Kariakoo, kwenye laini ambayo mwanawe alikuwa ameacha kuitumia. Mvua za kwanza zikanyesha, akapanda bila mbolea ya kupandia. Mashamba yao yanapakana, nami napita katikati yake kila siku kwenda dukani. Mwezi wa kwanza upande mmoja mahindi yalikuwa ya kijani iliyokolea, usawa wa kifua; upande wa pili yalikuwa ya manjano, yananifika magotini. Udongo uleule na mvua ileile. Nilimpeleka ofisini kurekebisha namba, akawahi mbolea ya kukuzia tu.

Nimeyaeleza haya kwa watu wa mradi mbalimbali waliopita kijijini na mabango yao. Wengi huja wakiwa na programu ya simu janja tayari mkononi, wanataka kujua ni vijana wangapi wataipakua. Ninawaonyesha droo yangu. Wachache wameelewa.

Ila ipo huduma moja niliyoiona ikifanya kazi kwa namna ambayo sikuhitajika kabisa, na nataka kuitaja kwa jina kwa sababu inastahili: m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Ilianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, ikazinduliwa kitaifa mwaka 2022, na namba yake ni 115, bure, kwa mtandao wowote. Usiku mmoja wa masika ya 2024, mkwe wa jirani yangu alishikwa na uchungu kabla ya siku zake na damu ikaanza kutoka. Zahanati yetu haina uwezo wa kumfanyia upasuaji, na gari la wagonjwa lilikuwa mbali. Nilifika nikamkuta jirani yangu amesimama mlangoni, kitochi sikioni, taa ya koroboi nyuma yake. Upande wa pili walimwuliza kwa Kiswahili cha kawaida: kijiji gani, mimba ya miezi mingapi, damu nyingi kiasi gani, imeanza saa ngapi, kuna alama gani karibu na nyumba. Akajibu. Wakamwambia asikate, kisha wakamwambia gari linakuja.

Lilikuja la mtu binafsi, Noah ya mmoja wa madereva wa jamii waliosajiliwa kwa kazi hiyo, ambao hulipwa kwa simu wanapomfikisha mgonjwa kituoni. Hakuna aliyeulizwa nauli. Tulimpandisha mgonjwa, mama mkwe akapanda naye, mimi nikabaki nimeshika kandili njiani mpaka taa za nyuma zikapotelea kwenye kona ya mikaratusi. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, wa kiume, na leo anakimbiza kuku wa bibi yake.

Nilirudi nyumbani nikifikiri jinsi huduma ile ilivyotengenezwa. Hapakuhitajika barua pepe wala neno la siri, wala bando. Hapakuhitajika mtu wa steshenari. Kitu pekee kilichotakiwa ni mwanamke kuwa na simu mfukoni mwake usiku ule, na kujua kwamba akipiga atasikilizwa kwa lugha yake. Wote waliokaa wakabuni mfumo ule walikuwa wamejiuliza ni nani atakayekuwa ameshika simu, na ana simu ya aina gani. Ningependa kila anayehamishia huduma mtandaoni aanzie hapo.

Jumamosi mchana tunafunga duka na kukaa darasani. Nimesema tunafunga kwa sababu sasa tuko wawili. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye shule yake ilipata vishikwambi vile vilivyogawiwa kwa walimu baada ya sensa ya 2022, hujiunga nami. Wanakuja watu kumi na wawili, pengine ishirini, wengi wao wanawake, kila mmoja na simu yake. Hatuna mtaala. Mtu anakuja na shida yake. Tunasoma menyu za fedha pole pole, kwa sauti, kama wanavyosoma watoto wa darasa la kwanza. Tunafungua barua pepe, na neno la siri kila mtu analitunga na kulificha, hata kwangu. Hasa kwangu.

Tunasoma pia meseji za matapeli. Ile ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii" kila mmoja ameshaipata, na mwaka jana ilimpata mama aliyekuwa kweli amesubiriwa kutuma ada ya mtoto. Alituma shilingi 180,000. Namba ya tapeli tuliituma kwenda 15040, inakoripotiwa utapeli, kama inavyotakiwa, lakini fedha haikurudi. Aliporudi darasani Jumamosi iliyofuata nilidhani atasema simu basi. Alisema anataka kujua namna ya kuangalia jina la mpokeaji kabla ya kubonyeza. Jina linatokea, tukamwonyesha, ni suala la kusimama na kulisoma. Alirudia zoezi hilo mara sita, akinitumia shilingi mia tano na mimi nikimrudishia.

Vijana wanataka zaidi. Wanataka kuuza viazi kwa kuwasiliana na wanunuzi wa Makambako na Dar moja kwa moja, na wachache wameweza. Picha ya gunia, bei, namba. Nawaunga mkono, ingawa naona wazi kwamba kijana mwenye simu janja ameanza kuwa dalali wa wazazi wake mwenyewe, anajua bei ya mjini na hawaambii. Tumelizungumza hilo darasani mbele yao. Halijaisha.

Mei 2024, ile wiki ambayo nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima, duka langu lilijaa watu siku ya Jumatatu. Nilidhani modemu imeharibika, nikaizima na kuiwasha hadi saa nne. Bibi wa mlango wenye mkaa alikuwa amemleta mjukuu kuhakiki cheti cha kuzaliwa. Nilipomweleza habari ya waya wa baharini aliniuliza bahari ipi hiyo inayomzuia mjukuu wake, maana hajawahi kuiona. Nikamchorea kwenye karatasi, pwani, waya, Makambako, sisi. Aliiomba ile karatasi akaenda nayo. Kabla ya kutoka alipiga simu kwa bintiye Iringa kumwambia kazi haijafanyika, akabonyeza mwenyewe, akaongea, akakata.

Katika wale 64, mpaka sasa 53 wameshahamisha taarifa zao kwenye namba zao. Wengine niliwafuata Mbeya na Dodoma kwa simu, nikiwaeleza hatua moja moja jinsi ya kubadilisha. Wamebaki 11. Watatu sijui waliko. Kuna mmoja aliyekwenda migodini Chunya, na mwingine aliolewa upande wa Ludewa, na kila mtu anayetoka huko namuulizia.

Juzi jioni nikiwa nafunga madirisha kitochi kililia. Ilikuwa meseji ya kumwita mtu kwenye usaili wa kazi, Alhamisi ijayo saa mbili asubuhi, na jina lake lilikuwa mmoja wa wale 11, kijana ambaye sasa anachoma mkaa ng'ambo ya mto. Nilinakili meseji yote kwenye karatasi, neno kwa neno, nikaandika chini yake namna ya kubadilisha namba, nikamwita kijana wa bodaboda. Alisema giza linaingia, daraja la magogo ni bovu, twende kesho. Nikamwambia tunakwenda sasa, na nikachukua kitochi chenyewe nikakitia mkobani, ili kijana yule aisome kwa macho yake.